Talaka na Eda: Utata wa Sheria na Siasa katika Kujitoa kwa Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, 2016–2020

1. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi kadha vya kuelezea namna nchi inavyoacha kuwa mwanachama wa umoja wa mataifa. Twasema nchi imetoka, imejitoa, imejiondoa, imetolewa, au umoja wenyewe umevunjika. Kila kitenzi kati ya hivi hubeba dai fulani juu ya mtenda. Tusemapo kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kiambishi -ik- hutupa tukio bila ya mtenda, kana kwamba Jumuiya ilikuwa chungu kilichoanguka chenyewe kutoka rafuni. Tusemapo kuwa Uingereza ilijitoa katika Umoja wa Ulaya, kiambishi -ji- hudai kwamba mtenda na mtendwa ni kitu kimoja. Kwa upande wa sarufi dai hilo halina taabu. Kwa upande wa historia lilileta taabu kubwa, kwani swali lililoisumbua Uingereza kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu lilikuwa ni hilo hilo: nafsi iliyofichwa ndani ya -ji- hiyo ni ya nani? Je, ni wananchi waliopiga kura, ni serikali, ama ni Bunge?

Makala haya yanakusudia kuifuata historia hiyo tangu kura ya maoni ya mwaka 2016 hadi Uingereza ilipotoka tarehe 31 Januari 2020. Hoja yetu ni kwamba utata uliotokea haukuzaliwa na ugomvi wa wanasiasa peke yake. Ulizaliwa pia na ukimya wa maandishi. Kifungu kilichoruhusu mwanachama kutoka hakikueleza ni nani ndani ya nchi mwenye haki ya kutamka neno la kutoka, wala hakikueleza kama neno likishatamkwa laweza kurudishwa. Mwishoni tutatazama jinsi maswali hayo mawili yalivyokwisha kujibiwa na Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999, mkataba ulioandikwa na watu waliokuwa wameonja uchungu wa kuvunjikiwa.

2. Mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea

Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973, pamoja na Ireland na Denmark. Ili sheria za Ulaya zipate nguvu ndani ya nchi, Bunge lilikuwa limetunga sheria maalumu mwaka 1972. Tarehe 5 Juni 1975 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wangependa nchi yao ibaki, na asilimia 67 wakakubali. Wakati huo mikataba ya Ulaya haikuwa na kifungu chochote cha kutoka. Greenland, ambayo ni sehemu ya ufalme wa Denmark, ilipotoka tarehe 1 Februari 1985, ilibidi mikataba yenyewe irekebishwe ili kuipisha.

Katika jambo hili Afrika ilikuwa imetangulia. Hati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ya 1963 ilikuwa na kifungu kilichomruhusu mwanachama kutoka kwa kutoa taarifa ya mwaka mmoja, na Moroko ilikitumia kifungu hicho mwezi Novemba 1984 kwa sababu ya mgogoro wa Sahara Magharibi. Ilirejea mwezi Januari 2017, na marejeo hayo yalikuwa ya kujiunga upya na chombo kilichokwisha kubadili jina na kuwa Umoja wa Afrika.

Ulaya ilipata mlango wake wa kutokea kwa Mkataba wa Lisbon, uliotiwa saini tarehe 13 Desemba 2007 na kuanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009. Maandishi ya kifungu chenyewe, ambacho sasa ni Kifungu cha 50, yalitokana na mkutano wa 2002 na 2003 uliotayarisha katiba ya Ulaya, ambayo haikupata kuidhinishwa. Katibu mkuu wa mkutano huo alikuwa John Kerr, mwanadiplomasia wa Uingereza. Basi aliyeusimamia uchongaji wa mlango huo alitoka katika nchi ile ile iliyokuja kuutumia.

Kifungu hicho ni kifupi. Chasema kuwa nchi mwanachama yaweza kuamua kutoka kwa kufuata matakwa ya katiba yake yenyewe; kwamba itatoa taarifa kwa Baraza la Ulaya; kwamba mazungumzo ya masharti ya kutoka yatafanywa; na kwamba mikataba itakoma kuihusu nchi hiyo siku makubaliano yatakapoanza kutumika, au miaka miwili baada ya taarifa, isipokuwa wanachama wote wakikubali kuongeza muda. Nchi iliyotoka ikitaka kurudi, itaomba upya kama mgeni.

Msomaji aliyelelewa katika jamii za pwani yetu hatakosa kuona mfano hapa. Taarifa ni kama talaka. Miaka miwili ni kama eda, ambamo ndoa haijakatika kabisa na wajibu wa matunzo ungalipo. Eda ikiisha, marejeo hayawezekani ila kwa nikaha mpya. Hata hivyo wanasheria wa Kiislamu hawaliachi jambo hewani: wao hueleza ni nani mwenye kutoa talaka, na ni talaka ipi iliyo rejea na ipi isiyo rejea. Kifungu cha 50 kilinyamaza juu ya yote mawili.

3. Kura isiyo na amri

Tarehe 23 Juni 2016 wapiga kura wa Uingereza waliulizwa kama nchi ibaki ama itoke. Asilimia 51.9 walisema itoke na asilimia 48.1 walisema ibaki, yaani watu milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1. Uingereza yenyewe na Wales ziliamua kutoka. Scotland na Ireland ya Kaskazini ziliamua kubaki, Scotland kwa asilimia 62. Siku ya pili yake Waziri Mkuu David Cameron alitangaza kuwa atajiuzulu, na tarehe 13 Julai Theresa May akashika mahali pake.

Sheria iliyoitisha kura hiyo, iliyopitishwa mwaka 2015, haikusema ni jambo gani litakalofuata iwapo watu wangeamua kutoka. Haikumwamuru waziri kutoa taarifa, wala haikuweka tarehe. Kwa mujibu wa sheria kura ilikuwa ni ushauri. Kwa mujibu wa siasa ilikuwa ni amri. Pengo kati ya mambo haya mawili ndilo lililojaa miaka iliyofuata. Isitoshe, swali lililoulizwa lilikuwa na majibu mawili tu, hali neno “kutoka” lilikuwa na maana nyingi. Mtu angeweza kutaka kutoka katika Umoja na kubaki katika soko lake, kama ilivyo Norway, au kutoka katika vyote viwili. Wote hao walihesabiwa katika kapu moja. Walipotakiwa baadaye kueleza walilolitaka, hawakuweza kusema kwa kauli moja.

4. Nani mwenye kutoa talaka?

Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika hati moja. Kwa hiyo maneno “matakwa ya katiba yake yenyewe” yalikuwa kwake kitendawili. Serikali ilishikilia kwamba kufanya mikataba na kuivunja ni katika madaraka ya kale ya Taji, ambayo mawaziri huyatumia bila ya kuliuliza Bunge. Bi Gina Miller na wenzake walikwenda mahakamani kuipinga hoja hiyo.

Hoja yao ilikuwa na uzito. Sheria ya 1972 ilikuwa imezifanya sheria za Ulaya kuwa chemchemi ya haki za watu ndani ya nchi: haki ya kufanya kazi, ya kuishi, ya kufanya biashara. Ikiwa barua ya waziri ingeweza kuikausha chemchemi hiyo, basi waziri angekuwa amefuta kazi ya Bunge kwa kalamu yake. Mahakama Kuu ilikubaliana nao tarehe 3 Novemba 2016, na Mahakama ya Juu ikathibitisha tarehe 24 Januari 2017, majaji wanane kati ya kumi na mmoja. Wakati huo huo majaji wote walikubaliana kwamba idhini ya Bunge la Scotland haikuwa sharti la kisheria, bali ni desturi ya kisiasa ambayo mahakama haiwezi kuilazimisha. Hivyo -ji- ya kisheria ilipatiwa mwenyewe, naye ni Bunge la Westminster. Watu wa Scotland, ambao wengi wao walikuwa wamekataa kutoka, waliambiwa kuwa mlango wao u katika siasa, si katika sheria.

Bunge lilipitisha sheria fupi, ikaidhinishwa na Malkia tarehe 16 Machi 2017, na tarehe 29 Machi barua ya Waziri Mkuu ikakabidhiwa kwa Donald Tusk, rais wa Baraza la Ulaya. Eda ya miaka miwili ikaanza kuhesabiwa.

5. Je, ilikuwa talaka rejea?

Hapa pana jambo la ajabu ambalo halina budi kutajwa. Katika kesi ya Miller pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba taarifa ikishatolewa hairudishiki, nayo Mahakama ya Juu ikaamua kwa kuijenga hoja juu ya dhana hiyo bila ya kuichunguza. Ilifananishwa na risasi iliyokwisha kufyatuliwa. Lakini kifungu chenyewe hakikusema hivyo. Hakikusema neno lolote.

Baadhi ya wanasiasa wa Scotland walilipeleka swali hilo mbele ya mahakama za kwao, nazo zikaliuliza Mahakama ya Haki ya Ulaya. Serikali ya Uingereza ilidai kuwa swali ni la kubuni tu, kwani haikuwa na nia ya kurudi. Baraza na Kamisheni ya Ulaya zilikubali kuwa taarifa yaweza kurudishwa, ila kwa ridhaa ya wanachama wengine wote; zilihofia kwamba nchi yaweza kutoa taarifa, kuirudisha, na kuitoa tena ili kujinyakulia masharti mazuri. Tarehe 10 Desemba 2018 mahakama iliamua kuwa nchi iliyotoa taarifa yaweza kuirudisha kwa hiari yake peke yake, mradi iwe kabla ya makubaliano kuanza kutumika au kabla ya muda kwisha, na mradi tamko la kurudi liwe wazi na lisilo na masharti. Umoja wa Ulaya, ilisema mahakama, haumlazimishi mtu kuingia, na vivyo hivyo haumlazimishi kutoka.

Kwa lugha yetu, ilikuwa talaka rejea. Lakini jibu hilo lilichelewa. Lilikuja miezi ishirini baada ya taarifa na siku mia moja na tisa kabla ya eda kwisha, wakati ambapo kila kambi ilikwisha kujifunga kwa maneno yake yenyewe. Sheria ilifungua mlango ambao hapakuwa na kiongozi wa serikali aliye tayari kuupita.

6. Mpaka wa Ireland na mgogoro wa 2019

Katika mambo yote yaliyojadiliwa, gumu kuliko yote lilikuwa mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, wenye urefu wa kilomita 500 hivi. Mapatano ya Belfast ya tarehe 10 Aprili 1998 yalikuwa yamekomesha vita vya miaka thelathini, na amani hiyo ilisaidiwa na kutokuwako kwa vituo vya forodha na askari mpakani. Uingereza ikitoka katika soko na umoja wa forodha, mpaka huo ungekuwa ukingo wa nje wa Umoja wa Ulaya, na bidhaa zingehitaji kukaguliwa mahali fulani. Kama si katika nchi kavu, basi baharini, kati ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza. Hapakuwa na mahali pa tatu.

Makubaliano ya Theresa May yaliweka kinga: iwapo suluhisho jingine halingepatikana, Uingereza nzima ingebaki katika eneo moja la forodha na Ulaya. Bunge liliyakataa mara tatu. Tarehe 15 Januari 2019 yalishindwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Tarehe 12 Machi kwa 391 dhidi ya 242. Tarehe 29 Machi, siku ile ile nchi iliyopangiwa kutoka, kwa 344 dhidi ya 286. Bunge hilo hilo lilikataa pia kutoka bila makubaliano. Muda uliongezwa hadi Aprili, kisha hadi 31 Oktoba.

Boris Johnson alipokuwa Waziri Mkuu tarehe 24 Julai 2019, aliapa kutoka siku hiyo kwa hali yoyote. Mwishoni mwa Agosti alimshauri Malkia afunge kikao cha Bunge kwa majuma matano. Mahakama ya Scotland ilisema tendo hilo ni kinyume cha sheria. Mahakama Kuu ya Uingereza ilisema si jambo la mahakama kuliamua. Tarehe 24 Septemba majaji wote kumi na mmoja wa Mahakama ya Juu, chini ya Bi Brenda Hale, waliamua kuwa ushauri ule haukuwa halali, na kwa hiyo kikao hakikupata kufungwa: hati iliyosomwa Bungeni ilikuwa sawa na karatasi tupu.

Kabla ya hapo Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kumlazimisha Waziri Mkuu kuomba muda zaidi. Tarehe 19 Oktoba aliipeleka barua ya maombi bila ya kuitia saini, akaifuatisha na nyingine yenye saini iliyosema kuwa kuongeza muda ni kosa. Wataalamu wa lugha watapendezwa na kisa hiki. Je, tamko la mtu asiyelitaka ni tamko lake? Ulaya ilijibu kwa vitendo: iliihesabu barua isiyo na saini kuwa ni ombi halali, ikaongeza muda hadi 31 Januari 2020. Aliyezungumza katika barua hiyo, kwa hakika, hakuwa Johnson bali ni Bunge kwa mkono wa Johnson.

Uchaguzi wa 12 Desemba 2019 uliukata mgogoro huo. Chama cha Conservative kilipata viti 365, na saa tano za usiku, tarehe 31 Januari 2020, Uingereza ikatoka. Makubaliano mapya yalikuwa yameuweka ukaguzi wa bidhaa baharini. Hata hivyo utata haukwisha. Mwezi Septemba 2020 waziri wa Uingereza alikiri Bungeni kwamba mswada wa serikali ungevunja sheria ya kimataifa kwa namna maalumu na yenye mipaka. Vipengele vilivyolalamikiwa viliondolewa baadaye. Mambo ya Ireland ya Kaskazini yalihitaji mapatano mengine tena, ya Windsor, mwezi Februari 2023.

7. Mwangwi wake Afrika Mashariki

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mwezi Julai 2016, kabla majuma matatu hayajapita tangu kura ile, Serikali ya Tanzania ilitaja msukosuko wa Ulaya kuwa mojawapo ya sababu za kutotia saini mkataba wa biashara kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Kenya na Rwanda zilitia saini mwezi Septemba mwaka huo. Kwa majirani wa Kenya waliohesabiwa kuwa nchi maskini zaidi, soko la Ulaya lilibaki wazi bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya haikuwa katika orodha hiyo. Basi Uingereza ilipokuwa ikimaliza kipindi cha mpito tarehe 31 Desemba 2020, maua na mboga za Kenya zilikabiliwa na hatari ya kutozwa ushuru katika soko lililokuwa lao kwa miaka mingi. Kenya ilitia saini mkataba wake na Uingereza tarehe 8 Desemba 2020, siku ishirini na tatu kabla ya mlango kufungwa. Kibarua wa Naivasha hakupiga kura ya 2016, lakini matokeo ya kura hiyo yalimfikia shambani.

Jambo hili linaturudisha nyumbani. Jumuiya yetu ya kwanza, iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa tarehe 6 Juni 1967, ilikufa pasipo talaka kutamkwa. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971, Halmashauri ya Marais haikukutana tena. Mwanzoni mwa 1977 shirika la pamoja la ndege lilisambaratika, na mwezi Februari Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Katikati ya mwaka huo Jumuiya haikupata bajeti. Hapana nchi iliyotoa taarifa; hapana tarehe ya eda. Kwa sababu hiyo ugawaji wa mali na madeni ulichukua miaka saba. Msuluhishi Victor Umbricht wa Uswisi alihangaika nao mpaka mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya ilipewa asilimia 42 ya mali, Tanzania 32, Uganda 26. Mpaka ulikuwa umefunguliwa miezi michache tu kabla ya hapo, Novemba 1983. Kitenzi chetu “ilivunjika” basi si uvivu wa lugha. Kinaeleza kwa usahihi kifo ambacho hakikuwa na mtenda mbele ya sheria.

Walioandika Mkataba mpya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, hawakutaka kifo cha namna hiyo kirudie. Kifungu chake cha 145 chasema kuwa nchi yaweza kujitoa iwapo Bunge lake litapitisha azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura, na iwapo itampa Katibu Mkuu taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili, isipokuwa ikiifuta taarifa hiyo kabla ya miezi hiyo kwisha. Katika muda huo wajibu wake wote unabaki. Mkataba wasema pia kuwa nchi iliyotoka haitakuwa na dai juu ya mali ya Jumuiya.

Tukiyapima maneno haya kwa mizani ya historia tuliyoieleza, tutaona kuwa kesi ya Miller na kesi ya Scotland zilikwisha kuamuliwa Arusha miaka kumi na saba kabla ya kura ya Uingereza. Nani mwenye kutoa talaka? Bunge, tena kwa wingi mkubwa. Je, ni rejea? Ni rejea, ndani ya eda.

8. Hitimisho

Si nia yetu kudai kuwa maandishi mema huzuia ugomvi. Kifungu cha 145 hakijajaribiwa hata mara moja, na hapana theluthi mbili iwezayo kuamua nini kifanyike kuhusu mpaka kama ule wa Ireland, au kuhusu jamaa wanaoishi pande zote mbili za Namanga na Busia. Vilevile haifai kuwacheka Waingereza. Mahakama zao zilisikilizwa, na serikali ilipoambiwa kuwa imekosea ilitii. Huko kwetu, mwaka 1977, hapakuwa na hakimu aliyeulizwa.

Lakini ukimya wa mkataba una gharama, na gharama hiyo hulipwa na wasiokuwapo ulipokuwa ukiandikwa. Takriban raia milioni tatu wa nchi nyingine za Ulaya waliokuwa wakiishi Uingereza mwaka 2016 walikaa miaka kadha bila ya kujua watakuwa nani katika nchi waliyoizoea. Wafanyakazi wa Jumuiya yetu ya kwanza walizungushwa kwa muda mrefu zaidi wakidai malipo ya uzeeni. Jumuiya ya leo imepokea wanachama wapya, ikiwa ni pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022. Siku mwanachama mmojawapo atakaposema kuwa anajitoa, swali la kwanza litakuwa lile la mwanafunzi wa sarufi: mtenda ni nani? Ni heri kuwa Mkataba wetu umeliandikia jibu mapema, wakati hakuna aliyekuwa na hasira.